Nilivyomsomea Feza Kisa cha Mke wa Msafiri

Habari ya kifo cha Feza niliipata kwa mwanamke muuza mawese aliyetoka Kabambare. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha jiko napeta mchele. Akatua mtungi wake, akaomba maji, akanywa, kisha akaniuliza kama mimi ndiye Bi Zuena niliyekuwa nikiwasomea wanawake vyuo vya visa zamani, kabla ya vita vya Wazungu. Nikasema ndimi. "Basi Mama Feza amefariki," akasema. "Binti yake aliniambia nikifika Kasongo nikuulizie, nikuambie." Halafu, kama mtu aliyemaliza kazi moja na kuanza nyingine, akaniuliza kama nataka mawese. Nilichukua kibuyu kizima ingawa ndani nilikuwa nayo ya kutosha. Nilitaka ainame kumimina, asiutazame uso wangu.

Katika mji huu watu hunisifu. Huwaambia mabinti zao kwamba mimi ndiye mwanamke wa kwanza waliyemwona Kasongo akisoma mbele ya wanawake wenzake, na kwamba nyumba nyingi zilitulia kwa sababu ya visa nilivyowachagulia. Wakisema hivyo huwa natazama chini, nao hudhani ni adabu. Si adabu. Ni mwaka mmoja tu ninaoukumbuka, na tangu muuza mawese alipobeba mtungi wake akaenda sokoni sijaweza kuukumbuka mwaka mwingine. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Sitasimulia nilizaliwaje wala nilifikaje Kasongo. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilikaa kwa shangazi yangu, Bibi Halima, ambaye mumewe alikuwa mtu wa safari, leo Nyangwe, kesho ng'ambo ya mto. Nyumba ilikuwa ya udongo, pana, kuta zimepakwa chokaa nyeupe, na nyuma yake kulikuwa na ua wenye michungwa na mashina ya miwa. Chumba cha wanawake kilikuwa na dirisha moja dogo lililotazama ile michungwa. Baada ya sala ya alasiri mikeka ilitandikwa, sinia la karanga za kukaanga likawekwa katikati, na wanawake wakaanza kuingia mmoja mmoja, wa nyumba yetu na wa nyumba za jirani, kila mmoja na kazi yake ya mkono: huyu anasuka ukili, huyu anashona kofia, huyu ana mtoto kifuani. Mimi nilikaa chini ya dirisha ili nipate mwanga. Mbele yangu palikuwa na kasha la mbao lenye vyuo kumi na vitatu, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Vililetwa kutoka pwani ndani ya mizigo ya nguo, maana mume wa shangazi alijua kwamba zawadi ya namna hiyo humnyamazisha mke kwa muda mrefu kuliko ushanga.

Vilikuwa visa vya mapenzi, na vilikuwa safi. Bibi Halima alikuwa mkali katika jambo hilo. Siku ya kwanza kabisa aliniambia, "Usinisomee kitu cha kunifanya nione haya mbele ya watoto wa kike. Kiwe na mapenzi, nami nilie nikitaka, lakini Mungu awe ndani yake na ndoa iwe mwisho wake." Na hivyo ndivyo vilivyokuwa. Mfuma nguo alimpenda binti wa kadhi kwa sauti tu, akimsikia akisoma Kurani nyuma ya ukuta, na hakumwona uso mpaka usiku wa harusi. Mwanamke aliyeolewa na kipofu alimwongoza kwenda msikitini miaka ishirini bila kumwambia kwamba yeye mwenyewe ni mwenye makovu ya ndui. Hakuna aliyemgusa mwenzake mkono kabla ya haki yake, kila chozi lilikuwa na sala, na kila sala ilijibiwa.

Haikupita miezi mingi wanawake wakaanza kuja kwangu peke yao, kabla ya wengine hawajafika. Mmoja alisema mumewe ameoa mke wa pili na moyo wake unawaka. Nikamwambia, njoo Jumanne, nitasoma cha mfuma nguo, usikie subira ilivyo. Mwingine alizaa mtoto mfu. Nikamwambia nina kisa kwa ajili yako. Nilikuwa nikitazama uso wa mtu, nikafikiri kidogo, nikatia mkono kashani nikatoa chuo kama mganga anayetoa dawa. Nao waliondoka wamepoa. Walisema, "Zuena anajua cha kumpa mtu." Mtoto wa miaka kumi na saba akiambiwa hivyo kila wiki huanza kuamini kwamba anajua mambo ya watu, kumbe anajua kusoma tu.

Feza alikuwa mjakazi wa nyumba ile. Alikuwa Mbangubangu, mtu wa upande wa Kabambare. Alichukuliwa kijijini kwao siku mumewe alipokwenda kuvua mto Luama, na jina la Feza alipewa na shangazi yangu alipofika. Alinizidi kama miaka kumi, lakini mimi nilimwita Feza, basi, jina kavu, naye aliniita bibi mdogo. Wakati ule sikuona ajabu. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa, hodari wa shamba la mpunga, na hakuwa mtu wa maneno. Wakati wa kusoma alikaa mlangoni, si ndani si nje, akibangua karanga. Niliposoma, nilisikia maganda yakivunjika, ta, ta, ta. Nilipofika mahali pa uchungu yalinyamaza. Nilijua kwa kunyamaza kwake kwamba nimesoma vizuri, na ninakiri kwamba kuna siku nilisoma kwa ajili ya ule mlango kuliko kwa ajili ya mikeka yote.

Kisa alichokipenda yeye kilikuwa cha mke wa msafiri, chuo kilichofunikwa kwa kitambaa chekundu. Mume anasafiri, anapotea. Mke, jina lake Raihana, anabaki peke yake ndani ya nyumba. Wachumba wanakuja, tajiri, kisha mwanachuoni, kisha jamaa wa mumewe mwenyewe, naye anawarudisha kwa maneno mazuri kutoka nyuma ya pazia. Miaka inapita. Mwishowe siku moja anakuja mjumbe asiyejulikana, ana pete ya mumewe mkononi. Anasema: mumeo yu hai, yuko mji wa mbali, hawezi kuja, anakuita, na mimi naondoka alfajiri.

Hapo ndipo karatasi ilipokatika. Mchwa walikuwa wameingia kashani njiani, sijui Tabora au kabla yake, wakala nusu ya ukurasa na kurasa zote zilizofuata. Siku ya kwanza nilipokisoma sikuwa nimekitazama mbele, kwa hiyo nilifika pale pamoja na wasikilizaji wangu. Maganda ya karanga yalikuwa kimya. Bibi Halima, macho yamejaa, akasema, "Haya, endelea." Na mimi, badala ya kusema kwamba chuo kimeishia hapa, niliendelea. Sikupanga. Nilishika ule ukurasa ulioliwa, nikauinamia, nikasema kwa sauti ileile ya kusoma kwamba Raihana aliirudisha pete, akamwambia mjumbe: mke mwenye heshima hafuati mtu asiyemjua njiani, nenda ukamwambie, kama yeye ni mume wangu aje mwenyewe mpaka mlangoni. Mjumbe akaenda zake. Naye Raihana akasali, akafagia mlango kila asubuhi, na siku ya arobaini mumewe akasimama pale, amekonda, mzima. Wanawake walilia kwa sauti. Bibi Halima alivua ushanga wake mwekundu akanivika shingoni. "Hicho," alisema, "hicho ndicho kisa." Nilijiambia kwamba hakuna aliyeumia, na siku ile ilikuwa kweli.

Mpunga ulipokaribia kuvunwa, alikuja Sumaili, mungwana, yaani mtu huru, aliyekuwa kiongozi wa msafara wa kwenda na kurudi Kabambare. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kikohozi. Alisimama uani, akamwambia Bibi Halima mbele yetu sote kwamba Kabambare kuna mtu anaitwa Kalume, anamtafuta mkewe, na kwa alama anazozitaja, kovu la kifundoni na urefu, mke huyo ni Feza. Mtu huyo anaogopa kuja Kasongo. Mwanamume wa kwao akionekana peke yake katika njia ile hukamatwa, akatwishwa mzigo au akafungwa kamba shingoni. Lakini Kabambare amepata mwenyeji, na atangoja hapo mpaka msafara urudi.

Feza alikuwa ameshika ungo. Aliuweka chini polepole, kama una mayai ndani.

Bibi Halima sitamsema kwa mengine, lakini nitalisema hili alilolifanya, maana ndilo linalonifunga mdomo ninapotaka kusema kwamba hapakuwa na njia. Alisema, "Mwezi wa toba unakuja, na mimi nina dhambi zangu. Feza, ukitaka kwenda, nenda. Sitaki kitu kwa mumeo. Sumaili atakuchukua Ijumaa pamoja na wanawake wengine wa msafara. Ukitaka kukaa, kaa. Nimeshasema, na hawa ni mashahidi."

Mlango ulikuwa wazi, na siku zilikuwa tatu.

Feza alikuja kwangu siku ya pili. Nilikuwa peke yangu chini ya dirisha, natia wino kidauni. Kwa mara ya kwanza aliingia chumbani mpaka kwenye mkeka, akakaa mbele yangu, magoti yake karibu na kasha.

"Bibi mudogo," akasema, "mi naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa njia. Mara ya kwanza nilipita njia ile na kamba. Tena sijui huyu mutu ni Kalume kweli. Kila mutu anaweza kuona kovu yangu mtoni, akamwambia mwingine. Labda iko mutu anataka kuniiba, aniuze mbali." Alitazama mikono yake. "Yule mama wa chuo, Raihana. Naye alikuja mjumbe, mutu hamujui. Hakwenda, si ndivyo?"

"Hakwenda," nikasema.

"Alifanya vizuri?"

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na nimeulizwa maswali mengi na watu wenye kilemba, lakini hakuna swali ninalolisikia tena na tena kama lile. Alikuwa hanichezei. Kwake chuo kilikuwa kitu kilichotoka kwa watu wanaomjua Mungu, na mimi nilikuwa ulimi wake. Nilipaswa kusema: Feza, sijui alichofanya. Mchwa wamekula. Yale ni maneno yangu, maneno ya msichana ambaye hajawahi kulala njiani hata usiku mmoja. Yalinifika mpaka kwenye meno. Lakini nilifikiri kwamba atamwambia mwingine, na huyo mwingine atamwambia Bibi Halima, na Bibi Halima ataunyosha mkono kuomba ushanga wake. Na chini ya hilo kulikuwa na jambo dogo zaidi, ambalo ndilo baya zaidi: nilifikiri mlangoni patakuwa kimya tu, bila maganda, na nitasoma kwa ajili ya nani.

Nikasema, "Alifanya vizuri. Umesikia mwenyewe mwisho wake. Mume wa kweli hufika."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu. "Basi nami nitasema vile."

Na alisema vile. Ijumaa asubuhi, msafara ukiwa tayari umesimama, nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Sumaili, "Mwambie, kama ni mume wangu, aje mwenyewe mpaka mulangoni." Sumaili alimtazama, akanitazama na mimi niliyesimama nyuma yake, kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Akakohoa, akaenda. Bibi Halima alifurahi. "Amekataa mwenyewe," aliwaambia majirani. "Ameona amepata kwao hapa." Wanawake wakasema ni kwa sababu ya visa vizuri anavyovisikia.

Tangu siku ile Feza alifagia mlango wa mbele kila alfajiri, kazi ambayo haikuwa yake. Kila Alhamisi jioni alisuka nywele. Katika nyumba yenye watu wengi mambo kama hayo huonekana, na wanawake wengine walicheka kidogo, kwa upole. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikitoka kwenda kuchukua maji ya kutawadha, nikimkuta ameinama na ufagio katika ule ubaridi wa asubuhi, naye hunisalimu kwa furaha kuliko siku zote, kama watu wawili wenye siri moja.

Sumaili alirudi mvua zilipoanza. Feza alikuwa shambani, akifukuza ndege. Sumaili aliniita kwenye mlango wa nyuma, hakutaka kuingia, maji yanamchuruzika kutoka kwenye nguo. Aliniambia kwamba ujumbe ulifika. Kalume aliusikiliza, akaomba urudiwe, kisha akasema hayo ni maneno ya mkewe, ana haki, ni yeye aliyemwacha peke yake siku ile. Hakungoja msafara. Alijifunga nguo nzuri aliyopewa na mwenyeji wake, akashika njia ya Kasongo peke yake. Karibu na Lusangi watu wa mfanyabiashara fulani walimkuta. Wanakijiji waliona akifungwa. Walipelekwa mashariki, yeye na wengine, na Sumaili alikuwa ameuliza kila kituo mpaka akachoka kuuliza.

"Mwambie weye," alisema. "Weye una maneno. Mi siwezi."

Nikasema nitamwambia.

Sikumwambia. Siku ile nilisema amechoka na shamba. Siku iliyofuata ilikuwa mwandamo wa mwezi. Kisha nikawa mgonjwa, homa ya kweli, na nilishukuru kwa ile homa. Nilipopona alikuwa ameshamsikia Sumaili akipita mtaani, akaniuliza kama ameleta neno, nikasema, "Bado." Neno moja hilo. Na wiki ileile aliomba, kupitia kwa Bibi Halima kwa sababu aliona haya kuomba mwenyewe, nisome tena cha mke wa msafiri.

Nilikisoma. Nilikisoma mara nne katika miezi ile, na kila mara nilipofika kwenye ile nusu ya ukurasa niliendelea na kumleta mume mlangoni, nikijua mume yuko wapi. Wasomaji wa leo, wale wanaokuja kuniuliza kisa gani kinafaa kwa binti anayekaribia kuolewa, hushangaa nikiwaambia nenda kamuulize mama yako. Wanadhani nimezeeka.

Yalipokuja majuma machache ya jua katikati ya mvua, tulitoa vyuo nje kuvianika. Ilikuwa desturi. Tulitandika mikeka uani, tukafungua kila kimoja katikati, tukakipindua baadaye. Feza alinisaidia. Alivishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kifaranga. Niliingia ndani kuchukua kitambaa, na niliporudi alikuwa ameinamia kile chekundu, amekifungua mwisho. Hakujua hata herufi moja. Lakini mchwa hawahitaji kusomwa. Alikuwa akipitisha kidole katika lile pengo, pale karatasi ilipokuwa kama ukingo wa mto uliobomoka.

"Bibi mudogo," akasema bila kuinua macho, "ukisoma hiki, macho yako yanatembea, yanatembea. Halafu mwishoni yanasimama, na maneno yanaendelea. Siku zote naona. Nilidhani umehifadhi moyoni."

Nikakunja kitambaa nilichokileta.

"Ule mwisho iko ndani ya chuo?"

"Upo," nikasema. "Ulikuwamo. Ulisomwa kabla haujaliwa."

Sijui kwa nini nilisema uongo hata wakati ule. Labda mtu akishazoea, mdomo hutangulia. Alikifunga chuo, akakifunika kwa nguo yake, akatoka nacho uani bila kuomba ruhusa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya na chochote cha nyumba ile. Nilimwona akivuka kwenda kwa Maalim, mzee aliyefundisha watoto Kurani nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye chuo kile kilipita mikononi mwake kilipofika Kasongo kikiwa tayari kimeliwa. Nilikaa juani kati ya vyuo kumi na viwili. Nakumbuka upepo ulipindua kurasa za kimoja, nami nikaziwekea jiwe, kwa uangalifu, kama kwamba hilo ndilo lililobaki kuharibika.

Alirudi, akakaa juu ya mkeka, akakiweka chuo mahali pake juani.

"Maalim anasema kinaisha pale mjumbe anaonyesha pete," alisema. "Anasema hakuna mutu Kasongo anayejua alifanya nini yule mama."

"Ndiyo," nikasema.

"Ni maneno ya nani, basi?"

"Ni yangu."

Alinitazama. Nilidhani atapiga kelele, na nilitamani apige. "Nini ingine unajua?" akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia nguo nzuri, na njia, na Lusangi, na kwamba nilijua tangu mvua za kwanza. Nilikuwa nalia, naye hakulia. Alingoja nimalize, kama alivyokuwa akingoja nimalize ukurasa. Kisha aliuliza tu, "Alisema nina haki?" Nikasema ndivyo Sumaili alivyosema. Akainuka, akavikung'uta vyuo vumbi kimoja kimoja, akavirudisha kashani kwa mpangilio wake, maana jua lilikuwa limeanza kufichwa na mawingu, na kazi ilikuwa kazi.

Jioni ile alikwenda kwa Bibi Halima, akamuuliza kama ruhusa yake bado ipo. Shangazi alishangaa. "Kwa nini sasa? Nani amekuudhi?" Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikingoja kusikia jina langu. Feza alisema, "Hakuna. Nataka kwenda kwetu, nikaulize habari za watu wangu." Basi. Hakunitaja. Nimewahi kufikiri kwamba alinihurumia. Siku nyingine nafikiri kwamba hakutaka jina langu likae kinywani mwake. Aliondoka na msafara uliofuata, ametwika mkeka na chungu alichopewa na shangazi. Siku ya kuondoka hakuja kwangu. Nilimwona kwa dirisha la chumba cha wanawake, kupitia michungwa, mpaka kichwa chake, kilichopita vya wengine kwa urefu, kikachanganyika navyo.

Nilisomea watu miaka mingi baada ya hapo. Ninapofika mahali palipokatika husema, "Hapa pamekatika," na wanawake wakiniomba niendelee hufunga chuo. Wanaita jambo hilo uaminifu.

Feza hakumpata mumewe. Alikaa Kabambare, akalima mpunga, akaolewa baadaye na fundi wa majembe, akazaa binti. Hayo niliyasikia kwa vipande, kwa wapitao njia. Kati ya Kasongo na Kabambare ni mwendo wa siku saba kwa mtu mwenye miguu mizuri, na katika miaka yote ile niliyokuwa na miguu mizuri sikwenda. Nimekwenda mwezi uliopita, kwa machela nusu ya njia, nikaingia Kabambare siku mbili kabla ya arobaini yake.

Nyumba ilikuwa ndogo, safi, imejaa wanawake. Walikuwa wakimlilia kwa jina la Kibangubangu ambalo sikuwahi kulisikia, na nilikaa kitambo kirefu nikidhani nimekosea nyumba. Binti yake, Mauwa, ni mrefu kama yeye. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akawaambia watu, "Huyu ni Bi Zuena wa Kasongo. Mama alikuwa akisema hajasikia mutu anasoma vizuri kama yeye." Wanawake wakaniamkia kwa heshima, mmoja akanibusu mkono. Nilimwomba Mauwa tutoke nyuma ya nyumba. Pale, karibu na kinu, nilimwambia yote kama nilivyoyaandika hapa, pamoja na nilichofikiri kuhusu ushanga, na lile neno "bado". Alisikiliza amesimama, mkono kiunoni, akitazama upande wa jiko kwa sababu moto ulikuwa unazima.

"Mama hakuniambia hayo," akasema nilipomaliza.

"Najua."

"Sasa unaniambia mimi nifanye nini nayo? Mwenye kuambiwa tumemuzika." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyepewa mzigo akiwa tayari amebeba maji. Kisha akauliza, "Umekula?"

Nikasema sijala tangu asubuhi.

Akaingia ndani, akatoka na bukari ya moto, yaani ugali, kwenye sahani na sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mengi na samaki, akaniwekea mbele yangu pale kwenye kinu, akamimina maji nikanawa, akarudi kwa wageni wake. Nilikuwa na njaa ya safari. Nilikula nikamaliza, nikaifuta sahani kwa kidole. Kilikuwa chakula kitamu kuliko vyote nilivyokula mwaka huu, na nilikaa pale peke yangu nikiona haya kwamba nimekisikia utamu wake.